Magitaa Kumi na Mawili ya Chekechea

Mimi ni seremala, na kabla sijasema lingine niseme hili: sipendi kurudishiwa kazi. Meza yangu haiyumbi. Mlango wangu haukwaruzi sakafu. Katika miaka thelathini na minne ya kushika randa, kazi iliyowahi kurudi karakana kwangu ilikuwa moja tu, kabati la mjane mmoja wa mtaa wa pili, na hata hilo nilipolitazama niliona kosa ni la sakafu yake, si la kabati. Nikamwambia hivyo hivyo. Hakufurahi, lakini alilirudisha nyumbani akaliwekea kigae chini ya mguu mmoja. Mke wangu husema siku nikifa nitaamka niwaambie wachimba kaburi kwamba kona hazijakaa sawa.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyefuatwa na Mwalimu wa Muziki.

Alikuja asubuhi nikiwa nanoa patasi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, viatu vimejaa vumbi, amebeba gitaa mgongoni ndani ya mfuko wa turubai alioushona mwenyewe. Niliziona nyuzi za mshono zimekwenda upande. Nilimjua kwa sura. Alifundisha katika shule ya msingi iliyopakana na karakana yangu, ambako mjukuu wangu wa miaka mitano yuko chekechea. Huyo mjukuu tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui likizo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Chiriku kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Nimekuja kwa shida yangu mwenyewe."

Akanieleza. Mkuu wa shule alikuwa amempa stoo ya madawati mabovu aigeuze darasa la muziki kwa watoto wa chekechea. Amempa muhula mmoja tu. Siku ya wazazi ikifika watoto wapige kitu cha kusikilizika, la sivyo stoo irudi kuwa stoo na yeye arudi kufundisha hesabu.

"Na hesabu ina ubaya gani?" nikamuuliza.

"Haina ubaya. Lakini hii ni shule ya tatu, Fundi. Kwenye zile mbili darasa lilikufa kwa sababu gitaa lilikuwa hili moja, na watoto hamsini. Mtoto analishika dakika moja, halafu anangoja wiki nzima zamu yake irudi. Akifika wiki ya tatu ameshachoka, anataka mpira. Hapa pakishindikana sitaanza tena shule ya nne. Najijua. Sitakuwa na nguvu hiyo."

Alitaka magitaa kumi na mawili madogo, ya kutosha kifua cha mtoto, yenye nyuzi tatu badala ya sita. Mbao zingetoka kwenye yale madawati mabovu. Sikuwahi kutengeneza gitaa hata siku moja, lakini nilimtazama nikaona aibu kusema sijui. Tena nilijiambia, sanduku lenye shingo, kuna ugumu gani?

Akalitoa gitaa lake kwenye turubai akaliweka juu ya benchi langu taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Nakuachia mfano. Wewe fuata hili tu, ila liwe dogo."

Fuata hili tu. Aliyasema maneno hayo mara mbili, na mimi nilitikisa kichwa mara mbili.

Kazi ilinikubali kuliko nilivyotegemea. Yale madawati yalikuwa ya mbao ngumu ya zamani, siku hizi huipati, na ukishaparua wino na majina ya watoto waliokwisha kuwa wazee, ndani unakuta mbao nyekundu inayong'aa. Nilipinda mbavu za magitaa kwa maji ya moto na bomba la chuma. Nilikata tundu la sauti kwa msumeno mwembamba. Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nikiingia karakana kabla majirani hawajafungua madirisha.

Nilipofika kwenye shingo ndipo nikaiona kazi ya mtu mvivu.

Kwenye shingo ya gitaa kuna waya nyembamba zilizolazwa kukatiza, moja baada ya nyingine, kama vidato vya ngazi. Mpigaji anabonyeza uzi kati ya waya na waya. Sasa nikachukua rula nikapima zile za gitaa la Mwalimu. Nafasi ya kwanza, upande wa kichwani, vidole viwili vinaingia. Ya pili pungufu kidogo. Ya tatu pungufu zaidi. Kadiri unavyokaribia kifua cha gitaa ndivyo waya zinavyobanana, mpaka mwisho hata kidole changu cha mwisho hakikupata pa kukaa.

Nilicheka peke yangu. Nikasema, huyu fundi alianza vizuri, halafu njaa ikamshika, akamaliza kwa kubananisha ilimradi zote ziingie. Au alikosea hesabu tangu mwanzo, akaona aibu kurudia. Jambo la kwanza alilonifundisha mkufunzi wangu, kabla hata ya kushika nyundo, ni nafasi sawa. Vidato vya ngazi, nondo za dirisha, mbao za kitanda, vyote nafasi sawa. Mtu asiyejua kugawa nafasi si seremala.

Basi nikamsahihisha. Nikagawa shingo ya kila gitaa dogo mafungu kumi yaliyo sawasawa, nikatia waya kumi, nikazigonga zikalala vizuri. Ukizitazama kwa mbali, magitaa yote kumi na mawili yamepangwa ukutani, waya zilikuwa zimenyooka kwa mstari mmoja kutoka la kwanza hadi la mwisho. Nilimwita mke wangu aje aone.

"Mazuri," akasema. "Yanalia?"

"Yatalia kuliko hilo lake. Hilo lake nimelikuta na kasoro."

"Umemwambia?"

"Ataona mwenyewe."

Akanitazama kwa jicho lile la miaka thelathini ya ndoa, akarudi ndani.

Siku ya kuyapeleka, zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya siku ya wazazi. Stoo ilikuwa imefagiliwa ikapakwa chokaa. Watoto wa chekechea walikaa chini kwenye mkeka, Chiriku akiwa mbele kabisa, akiwaeleza wenzake kwamba huyo ni babu yake na magitaa yote ni yake, ila ataazimisha. Mkuu wa shule alikuwepo, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, amesimama mlangoni kama mtu ambaye hajaamua kuingia.

Mwalimu alichukua gitaa moja. Aliligeuza, akalinusa, akalipapasa mgongoni, akaniambia ahsante kabla hata hajalipiga. Akakaza nyuzi tatu, akazipitishia kidole zote kwa pamoja. Sauti ilitoka nzuri, pana, ikajaa chumba, na watoto wakafanya "aaah." Kichwa kilinivimba.

Kisha akabonyeza uzi kwenye waya ya tatu, akapiga. Uso wake ukabadilika. Akabonyeza pengine. Akajaribu wimbo mfupi, na wimbo ukatoka umepinda, kama mtu anayeimba huku jino linamuuma.

"Mbona hivyo?" akauliza Mkuu.

Mwalimu alikuwa anaitazama shingo. Naamini aliona pale pale. Lakini mimi sikumpa nafasi ya kusema.

"Labda vidole vya Mwalimu vimezoea hilo gitaa lake bovu," nikasema. "Au masikio."

Watoto wakacheka, kwa sababu nimesema masikio. Mkuu hakucheka. Alimtazama Mwalimu juu ya miwani, na nikaona anaanza kuwa na shaka, tena si juu yangu.

Mwalimu alilishusha gitaa mapajani. "Vyombo vipya, Mkuu," akasema kwa upole. "Naomba nikae navyo kidogo."

"Siku kumi," akasema Mkuu, akaondoka.

Kesho yake mchana, nikiwa nafungua chakula changu, Mwalimu aliingia karakana. Mkono mmoja kashika gitaa dogo, mwingine rula ya plastiki ya mtoto wa shule. Nilipoiona ile rula damu ikanichemka. Kuna mtu anakuja kunipimia kazi kwa rula ya mtoto!

Sikumruhusu hata aketi. Nilimtolea uvivu. Nilimwambia mimi napima mbao tangu yeye hajaanza darasa la kwanza. Nilimwambia gitaa lake ndilo bovu, waya zimebanana kama abiria, na kama si mimi angewafundisha watoto juu ya kosa la mtu. Nilimwambia mengi. Chakula kilipoa. Yeye alisimama akanisikiliza mpaka maneno yakaniishia, na hakuna kitu kinachochosha kama kumgombeza mtu asiyejibu.

"Umemaliza, Fundi?"

"Nimemaliza."

"Una mkate hapo?"

Nilikuwa nao, nusu mkate, chakula chenyewe. Akauomba. Akaumega kipande, akakiweka kwenye benchi. "Nimemega sehemu ya kumi, tuseme. Sasa nataka tena sehemu ya kumi. Naimega kwenye mkate mzima au kwenye uliobaki?"

"Uliobaki. Mzima haupo tena."

"Kwa hiyo kipande cha pili kitakuwa sawa na cha kwanza?"

"Kitakuwa kidogo zaidi."

"Na cha tatu?"

Alikuwa ameshalichukua gitaa lake la mfano, lililokuwa bado juu ya benchi langu, akabonyeza uzi. "Nikibonyeza hapa, unaolia ni uzi uliobaki, kuanzia kidole changu kwenda chini. Kila nikipanda hatua moja ya sauti, uzi uliobaki ni mfupi zaidi, kwa hiyo hatua nayo lazima iwe fupi. Ndiyo maana zinabanana. Huyu fundi alipima kila moja."

Nilichukua rula yake ile ile ya plastiki. Nikapima nafasi za gitaa lake upya, moja baada ya nyingine, nikiandika kwa penseli juu ya benchi. Zilipungua kwa mpango. Hakuna hata moja iliyopotea. Ilikuwa kazi safi kuliko yote niliyowahi kuigusa, na mimi niliicheka.

"Kwa hiyo hakuwa mvivu," nikasema.

"Nani?"

"Fundi wa hili gitaa. Wala njaa haikumshika."

"Njaa ipi?"

Ikabidi nimweleze. Alicheka mpaka akashika benchi asianguke, akafuta machozi kwa kiganja, akaanza tena. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa naona magitaa kumi na mawili, waya mia na ishirini, kila moja mahali pasipo pake.

"Jana uliona," nikamwambia. "Mbona hukusema mbele ya Mkuu?"

Akaacha kucheka. "Ningesema nini? Kwamba Fundi kaharibu? Wazazi wote wa shule hii ndio wateja wako. Mtu amenitengenezea magitaa kumi na mawili kwa mbao za madawati, nikamtie aibu mbele ya mjukuu wake?"

Nilikuwa nimemtukana masikio mbele ya bosi wake, bosi ambaye angeweza kumnyang'anya darasa lake la mwisho, na yeye alikuwa anafikiria wateja wangu. Nilijisikia mdogo kuliko yale magitaa.

Tukapiga hesabu ya siku. Zilibaki tisa. Kutengeneza shingo mpya kumi na mbili kungechukua wiki tatu, na mifereji ya waya nilikuwa nimeshaikata ndani ya mbao, haifutiki. Hasira zikanirudia, safari hii zikiwa juu yangu mwenyewe. Nikachukua koleo, nikalegeza nyuzi za lile gitaa dogo, nikaanza kuzing'oa waya. Moja, mbili, tatu, nikizitupa chini. Mwalimu hakunizuia. Nilipong'oa ya kumi, shingo ikabaki tupu, na mimi nikaketi juu ya kigoda nikimpa kisogo.

Nikasikia gitaa likilia nyuma yangu. Alikuwa ameliokota, akazikaza tena nyuzi, anazipiga bila kubonyeza kitu. Ile sauti pana ya jana, ile iliyowafanya watoto waseme "aaah." Akapiga tena. Nikageuka.

"Fundi," akasema, "zing'oe zote."

"Unasemaje?"

"Watoto wa miaka mitano hawana nguvu ya kubonyeza uzi. Nimewaona, vidole vinauma, wanalia. Nilikuwa najidanganya kwamba watazoea. Tusiwabonyezeshe kabisa. Magitaa manne tuyakaze sauti moja, manne nyingine, manne nyingine. Kila kundi lina sauti yake. Mimi naonesha kidole, kundi linapiga. Wakiwa pamoja wote, ni wimbo mzima."

Aliongea haraka sasa, akitembea kati ya mabaki ya mbao. Sauti ya kwanza ataiita Nyumba, kwa sababu wimbo unaanzia hapo na hapo ndipo unapotulia. Ya pili Njia, ile inayokutoa nyumbani. Ya tatu Mlango, ambapo unasikia kabisa kwamba umeshika kitasa na unataka kuingia. Akanipigia moja moja. Mimi ni mtu wa mbao, sijui muziki, lakini alipopiga Mlango akaachia hapo, nilikaa vibaya kwenye kigoda mpaka alipopiga Nyumba.

Siku zile tisa sikupokea kazi ya mtu mwingine. Niling'oa waya zote, nikaziba mifereji kwa vibanzi vya mbao, nikapiga msasa hadi shingo zikawa laini kama kijiko cha zamani. Juu ya kila gitaa nikachora picha kwa chuma cha moto: nyumba kwenye manne, njia kwenye manne, mlango kwenye manne. Mchana nilisikia watoto ng'ambo ya ukuta wakijifunza wimbo aliowatungia Mwalimu, na mwishoni hata randa yangu ilikuwa inakwenda nao:

*Kiatu kimoja ninacho mkononi,*
*kingine nimekitafuta njiani,*
*nimekitafuta hadi mlangoni,*
*kumbe nimekivaa mguuni!*

Nyumbani nilimsimulia mke wangu kila kitu, mpaka cha mkate. Alikuwa anamenya viazi.

"Na umemwomba radhi?"

"Nimeng'oa waya mia na ishirini, mama watoto."

"Sijauliza waya."

"Nitamwomba. Nitapita kesho karakana ikishafungwa..."

"Ulimtukana mbele za watu, halafu unataka kumwomba radhi kichochoroni?" Akatupa kiazi kwenye maji. "Haya. Wewe ndiye unayejua kupima."

Siku ya wazazi stoo ilijaa. Viti havikutosha, wengine walisimama nje wakachungulia madirishani. Niliwaona wateja wangu karibu wote. Yule niliyemwekea paa, yule wa vitanda viwili, na mstari wa pili, kajifunga kanga mpya, mjane wa kabati. Watoto walikaa kwenye mabenchi matatu, kila benchi magitaa manne, na wasio na magitaa walikaa nyuma ya wenzao wakingoja zamu, kwa maana wimbo ungepigwa mara nyingi. Chiriku alikuwa benchi la Mlango. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nilimwona amefunga mdomo. Macho yake yalikuwa kwenye kidole cha Mwalimu, hayapepesi.

Mwalimu akainua kidole, akakielekeza Nyumba.

Siwezi kusema walipiga bila kosa. Kuna mmoja wa Njia alipiga kwenye Nyumba, na mmoja aliangusha gitaa akaliokota. Lakini kile kidole kilipokwenda Mlango na Chiriku na wenzake watatu wakapiga kwa pamoja, kisha Nyumba ikapokea, na watoto wote wakapaza sauti "kumbe nimekivaa mguuni," nilijifanya nakohoa. Mke wangu alinipa leso bila kunitazama. Wakabadilishana magitaa, wakapiga tena, na mara ya tatu wazazi wenyewe walikuwa wanaimba, hata wale wa dirishani.

Makofi yalipotulia Mkuu alisimama. Aliwasifu watoto. Kisha akashika gitaa moja, akaliinua hadi kwenye miwani.

"Mwalimu, naomba kuelewa. Magitaa haya yalipoletwa yalikuwa na waya hapa shingoni, niliyaona mwenyewe. Leo hayana. Yameharibika? Kwa sababu kama vyombo vinaharibika ndani ya siku kumi, hatuwezi kuendelea."

Mwalimu alifungua mdomo. "Tuliamua, kwa watoto wadogo..." akaanza, na alikuwa anasema kweli, ila nusu, na ile nusu aliyoiacha alikuwa ananifunika mimi nayo tena.

Nikasimama. 

"Kosa ni langu, Mkuu."

Nikawaambia. Niliwaambia nilipewa mfano nikaambiwa fuata hili tu, nami nikaona aliyeutengeneza mfano ni mvivu aliyeshikwa na njaa. Nikawaambia nilivyomsahihisha mtu aliyekuwa sahihi, mara kumi na mbili. Walianza kucheka kidogo kidogo, kisha kwa nguvu, na nilipofika kwenye njaa hata Mkuu alivua miwani.

"Na siku ile mbele yako nilisema masikio ya Mwalimu ni mabovu," nikaendelea. "Kibovu kilikuwa kichwa changu. Angeweza kunisema, hakunisema. Amenitunzia jina langu siku kumi, na mimi nilikuwa tayari kumharibia la kwake kwa dakika moja. Mwalimu, nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Na ahsante. Ahsante sana."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Nikataka kuketi. Ndipo sauti ikatoka mstari wa pili.

"Na kabati langu je?"

Watu walicheka mpaka madirisha yakatetemeka. Mjane hakucheka, alikuwa ananingoja.

"Nitakuja kesho kuliangalia," nikasema.

"Asubuhi," akasema yeye.

Mkuu alilirudisha gitaa mikononi mwa mtoto aliyekuwa nalo, akamwonesha alishike vizuri. Akasema chumba hiki si stoo tena, na kwamba madawati mabovu yatafutiwe mahali pengine, au yapelekwe kwa Fundi. Akaniuliza kama naweza kuwatengenezea wakubwa, wa darasa la tano, magitaa sita yenye waya.

"Naweza," nikasema. "Nitafuata mfano."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mjane na pima maji. Sakafu yake ilikuwa imekaa sawa kabisa. Mguu mmoja wa kabati ulikuwa mfupi, upana wa kidole. Nilitengeneza mguu mpya siku ile ile, nikakitoa kile kigae nikakitupa mwenyewe, na yeye akanipa chai bila kusema neno, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kama angesema.

Magitaa sita ya wakubwa yalichukua miezi miwili. Nilipima kila nafasi mara tatu, na kabla ya kuzigonga waya nilimwita Mwalimu aje apime naye, kwa ile rula ya plastiki. Siku hizi iko kwangu, imening'inia msumarini juu ya benchi.

Na Ijumaa asubuhi nakwenda shuleni. Mwanzoni nilikwenda kukaza vifungo vya nyuzi vilivyolegea, na nilipomaliza nilikuwa nasimama mlangoni kidogo kusikiliza. Siku moja mtoto wa benchi la Mlango hakuja, anaumwa surua. Mwalimu aliniangalia, akaniangalia tena, akanionesha nafasi iliyo wazi karibu na Chiriku.

Benchi la chekechea ni fupi. Magoti yangu yalifika kidevuni. Gitaa nililolitengeneza kwa mikono yangu lilinikaa kifuani kama sahani, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu nilikuwa nimeshika chombo cha muziki si kwa ajili ya kukitengeneza.

"Babu," Chiriku akaninong'oneza, "usipige mpaka akuoneshe wewe."

"Najua."

Kidole kikaenda Nyumba. Kikaenda Njia. Nilikuwa nimeshainua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu, na kidole kikiwa bado kiko Njia, mimi nikapiga.

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Babu amewahi! Babu amewahi!" Chiriku akawatangazia hata waliokuwa wameona. Nikashusha gitaa mapajani. Nilingoja mtu aseme kitu juu ya masikio yangu, maana nilikuwa nastahili.

Mwalimu aliweka kiganja juu ya nyuzi za gitaa lake zikatulia, akanitazama akitabasamu, akauanzisha wimbo upya tangu kiatu cha kwanza.